Nyumba ya tofali la kuchoma Mbeya ichorwe kuanzia kwenye tofali lenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaojiandaa kujenga nyumba ya familia hapa jijini Mbeya kwa matofali ya kuchoma, hasa wale wanaotaka tofali libaki wazi kwa nje, bila plasta wala rangi. Mvua zikishakatika mwezi Mei watu huanza kufyatua na kuchoma, na maboma mengi huinuka kabla mvua za Novemba hazijarudi. Ramani nyingi zinazotumika ni zile za kununua kwenye simu. Zimechorwa kwa vipimo vya tofali la saruji la inchi 6, kwa joto la Pwani, na kwa paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Fundi anapewa ramani hiyo, anapewa na lori la matofali ya kuchoma, anaambiwa ajenge. Hapo ndipo fedha inapoanza kupotea, kwa kuwa ramani na tofali havikuwahi kukutana.

Nianze na jua, kwa kuwa halinunuliwi, na nyumba ikishasimama vibaya haigeuzwi. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Tangu mwanzo wa Machi hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa nyumba. Mwishoni mwa Juni linasimama nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho. Hiyo ndiyo miezi yetu ya baridi, usiku joto linaposhuka chini ya nyuzi 10 na upepo mkavu unapovuma kutoka kusini mashariki. Kwa hiyo ubavu mrefu wa nyumba uelekee kaskazini, na huko ndiko sebule na vyumba vya kulala viangalie. Stoo, vyoo, bafu na jiko vikae upande wa kusini, madirisha yake yawe madogo, vipokee upepo wa baridi kwa niaba ya vyumba vingine. Wengi hufanya kinyume: sebule hutazama barabara popote barabara ilipo. Kama barabara iko kusini mwa kiwanja, mlango mkubwa uweke huko, uingie kwa ukumbi mfupi, lakini sebule uipeleke nyuma kwenye jua.

Upana wa paa linalotokeza nje ya ukuta nao una hesabu yake. Chukua dirisha la upande wa kaskazini linaloanzia sentimita 88 juu ya sakafu na kuishia mita 2.16, na ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60, ukiwa kwenye kimo cha mita 2.7. Adhuhuri ya Juni kivuli cha paa hushuka sentimita 96 tu, na theluthi mbili za chini za dirisha hupata jua linaloingia mpaka sakafuni. Mwishoni mwa Machi na Septemba jua liko nyuzi 81, kivuli hushuka zaidi ya mita 3, na dirisha lote linakuwa kivulini. Ukitokeza paa mita 1.2 kama nyumba za Tanga, umejifungia jua la Juni nje. Usipotokeza kabisa, ukuta wako wa tofali unalowa kila mvua inapokuja na upepo.

Ukuta wa tofali zima, wenye unene wa sentimita 22, hupitisha joto polepole, kama saa 6 hivi. Joto la saa 8 mchana linafika upande wa ndani saa 2 usiku, wakati familia imekaa sebuleni. Faida hiyo inapotea kama juu pana bati tupu. Dari lazima liwepo katika kila chumba, korido na stoo pia, na pale dari linapokutana na ukuta pazibwe. Bati lisilo na dari hupoa haraka usiku, mvuke wa pumzi na wa kupikia unageuka matone ya maji chini yake, na alfajiri unadondoka kitandani. Nalisema hili nikifikiria majiko ya mkaa yanayoingizwa vyumbani miezi ya Juni na Julai. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu waliolala, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi kuwa kinga. Nyumba iliyochorwa kufuata jua huwapunguzia watu sababu ya kuingiza jiko chumbani.

Sasa tofali. Usinunue kwa kuangalia rundo. Chukua matofali 24 kutoka sehemu mbalimbali za tanuru, chini, katikati, juu na pembeni, yapange kwa urefu kwenye ardhi tambarare yakigusana, upime jumla ugawe kwa 24. Fanya hivyo kwa upana, kisha kwa kimo. Matofali ya kufyatua kwa mkono hutofautiana kijiji kwa kijiji, na hata fremu kwa fremu, maana udongo husinyaa ukikauka na husinyaa tena motoni. Unachotafuta ni urefu ulio sawa na upana mara mbili ukijumlisha kiungo kimoja cha udongo wa saruji. Tofali la milimita 220 kwa 105 kwa 70 linatimiza hilo: 105 na 105 na kiungo cha 10 ni 220. Likiwa refu au fupi kwa zaidi ya milimita 5, ukuta wa tofali zima hautafunga vizuri, na uso mmoja utakuwa na mabonde.

Ligonge tofali kwa tofali lenzake. Lililoiva hulia kama chuma, lisiloiva hutoa sauti ya udongo. Liangushe kwa ubapa kutoka kimo cha mita 1 kwenye ardhi ngumu, lisivunjike. Livunje moja kwa nyundo uone moyo wake, ambao unatakiwa uwe na rangi moja na ngozi au unaokaribiana nayo, usiwe wa udongo mbichi. Lipime uzito likiwa kavu, lilaze ndani ya maji saa 24, ulipime tena. Likiongezeka zaidi ya asilimia 20 ya uzito, lisikae upande wa nje. Kuna mambo mawili ambayo mtihani wa sauti hauyaoni. Moja ni chumvi: simamisha tofali kwenye sahani yenye maji kina cha sentimita 2 au 3, acha liyanywe yaishe na likauke. Likitoka ukungu mweupe mzito, basi ukuta wako utafanya hivyo kila mwaka baada ya masika. La pili ni vipande vya mawe ya chokaa ndani ya udongo. Motoni vinageuka chokaa mbichi, na siku vinapopata maji vinavimba na kubandua uso wa tofali, vikiacha tundu lenye kidoa cheupe katikati. Tofali lililokaa maji saa 24 na kisha wiki moja nje litakuonyesha.

Muulize pia mchomaji alichomea nini. Tanuru la magogo hutafuna miti mingi, na safu za nje hubaki mbichi kwa kuwa moto hauzifikii sawasawa. Pumba za mpunga, ambazo Usangu na Kyela zimejaa, na makaa ya mawe yakichanganywa vizuri katikati ya safu, huchoma kwa utulivu zaidi. Mnunuzi anaposema hataki tofali la magogo, mchomaji anasikia. Matofali ya safu za nje ya tanuru yasirudishwe kwenye mzigo wako kwa bei ya yaliyoiva.

Ukishajua kipimo cha tofali ndipo ramani ichorwe. Kwa tofali nililolitaja, tofali moja na kiungo chake ni milimita 230, nusu yake ni 115, na kozi moja kwenda juu, yaani safu moja ya matofali na kiungo chake, ni 80. Urefu wa ukuta kutoka kona hadi kona uwe 115 mara idadi fulani, ukitoa 10. Uwazi wa mlango au dirisha uwe 115 mara idadi fulani, ukiongeza 10. Kwa hiyo nyumba ya mita 13 kwa 10.5 inachorwa 12,985 kwa 10,455. Dirisha la mita 1.2 linakuwa 1,160, la mita 1.5 linakuwa 1,505, mlango unakuwa 930. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi lakini ukutani ni kubwa. Ukiacha uwazi wa 1,200 kamili, zile milimita 40 zilizozidi fundi lazima azitafutie pa kwenda. Atakata vipande vya vidole viwili karibu na fremu, au atanenepesha viungo mpaka milimita 20. Kwenye ukuta wa plasta hakuna atakayejua. Kwenye ukuta ulio wazi kosa hilo linasomwa kutoka barabarani, na vipande vile vidogo ndivyo vinavyoachia kwanza nyumba ikitikiswa.

Kwenda juu ni vivyo hivyo. Kingo za chini za madirisha zikae kwenye kozi ya 11, sentimita 88 juu ya sakafu. Vichwa vya milango na madirisha vyote vifike kozi ya 27, yaani mita 2.16. Hapo unapita mkanda wa zege, yaani lenta, wenye kimo cha milimita 240, sawa na kozi 3, kisha kozi 5 za tofali, na ukuta unaishia mita 2.8. Fundi apewe ubao mnyoofu uliochorwa alama kila milimita 80, asimamishe kila kona, na kamba ivutwe kutoka alama hadi alama. Ubao huo hugharimu kama bure, na ndio unaozuia kona moja kufika lenta ikiwa na kozi 27 na nyingine 26.

Kwa ukuta wa nje napendekeza mfungo wa kozi mbili zinazopishana: kozi moja matofali mawili sambamba yanalala kwa urefu, inayofuata matofali yanalala kukatisha ukuta. Kwenye kozi ya kukatisha, mara baada ya tofali la kona, huingia kipande cha tofali lililopasuliwa kwa urefu, ili viungo vya wima visisimame mstari mmoja kozi hadi kozi. Mafundi wanaojua kazi ya zamani ya misheni na ya reli wanaufahamu mfungo huu. Wapo wanaojenga kuta mbili za nusu tofali, yaani zenye unene wa upana wa tofali moja tu, zilizosimama bega kwa bega, kwa sababu uso wa nje unapendeza na kazi ni ya haraka. Ukuta wa namna hiyo hauna kinachoushika pamoja, na siku ya tetemeko ngozi ya nje hubomoka peke yake.

Mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali zima inakula matofali 109 ya ukubwa huo, na ya nusu tofali 54 au 55. Nyumba niliyoitaja, yenye vyumba vitatu, ukuta mmoja wa ndani wa tofali zima wa kubeba kenchi, na kuta nyingine za ndani za nusu tofali, itahitaji kama matofali 15,000 ukishatoa milango na madirisha. Ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukata, agiza 16,500, na agiza kwa mkupuo mmoja kutoka tanuru za udongo mmoja. Mzigo wa pili wa mwaka unaofuata hautakuwa na rangi wala kipimo kile. Matofali yakifika yachanganywe kutoka marundo matatu au manne wakati wa kujenga, la sivyo ukuta utatoka na mabaka.

Udongo wa kujengea uwe saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1, mchanga ndoo 6. Chokaa inachomwa jirani tu, bonde la Songwe, na sielewi kwa nini tumeiacha. Inafanya udongo uteleze vizuri kwenye mwiko, ushike tofali lote, na ukuta uweze kucheza kidogo bila kupasuka. Saruji nyingi peke yake hutoa kiungo kigumu kuliko tofali, na ufa ukija unapita kwenye tofali badala ya kiungo. Mchanga wenye udongo mwekundu uoshwe. Tofali likiwa kavu hufyonza maji ya udongo kabla haujashika, na baada ya mwezi unaweza kulinyanyua kwa mkono. Kwa hiyo matofali yalowekwe mpaka mapovu yaishe, yatolewe, uso ukauke kidogo, ndipo yajengwe. Siku moja ukuta usipande zaidi ya mita 1.2. Viungo vya wima vijazwe kabisa. Fundi mwenye haraka hupaka udongo kwenye kingo tu, na mvua ya upepo hupita katikati hadi chumbani. Kiungo kikianza kukaza kikandamizwe kwa chuma cha mviringo kiwe na bonde dogo lililosuguliwa. Kukwangua kiungo kiingie ndani ili tofali litokeze kunavutia machoni, lakini kila tofali linakuwa kibaraza cha kushikia maji.

Nilitaja tetemeko, na sikulitaja kwa kutisha watu. Mbeya iko pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana, ya Rukwa, ya Nyasa na ya Usangu. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kuharibu maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali. Tofali halina kosa pale linapofungwa. Mkanda wa zege upite juu ya kuta zote, za nje na za ndani, bila kukatika, ukiwa na nondo 4 za milimita 12 na ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Kwenye kona nondo zipindwe zizunguke na kupishana sentimita 60. Nondo zinazoishia kwenye kona bila kuzunguka zinaiachia kona ifunguke. Dirisha lisikaribie kona kwa chini ya sentimita 60, na nguzo ya tofali kati ya madirisha mawili isipungue kipimo hicho. Kwa tofali letu hiyo ni 680, maana 565 haifiki. Jumla ya upana wa milango na madirisha isizidi nusu ya urefu wa ukuta. Ukuta wa nusu tofali usiende zaidi ya mita 3.5 bila ukuta mwingine kuushika. Pembe tatu za tofali zinazopanda mpaka kwenye kilele cha paa ndizo huanguka kwanza, hivyo paa la pande nne ni salama zaidi, tena linaufunika ukuta wote kuzunguka.

Hapo nafika kwenye paa la kuficha, ambalo sasa ndilo watu wanaita usasa. Juu ya ukuta wa tofali lililo wazi, hapa Mbeya, nalipinga bila kusita. Ukuta unaopanda juu ya bati hulowa pande mbili na juu. Maji hushuka ndani ya viungo, chumvi hutoka nje, na baada ya misimu michache sehemu ya juu ya nyumba inageuka nyeupe na kijani. Bati lina mteremko mdogo na maji yote hukusanyika kwenye mfereji uliojificha ndani ya jengo. Majani ya mti wa jirani au barafu ya mvua ya mawe vikiziba mdomo wa bomba kwa nusu saa, maji hayana njia ila dari. Usasa wa nyumba ya tofali upatikane kwenye mistari mirefu iliyonyooka, madirisha yenye vichwa vya kimo kimoja, baraza pana, na sebule iliyoungana na sehemu ya kulia. Paa liwe la bati geji 28, mteremko usiopungua nyuzi 15, likitokeza sentimita 60 pande zote. Kenchi zifungwe kwa bapa za chuma zilizozamishwa kwenye mkanda wa zege na kupandishwa kupitia zile kozi 5. Ukilipima kwa mlalo, paa la nyumba hii lina eneo la mita za mraba 165 hivi. Mvua moja ya milimita 20 inakupa kama lita 2,800 kwenye tangi baada ya upotevu. Lisipowekwa gata maji hayo yanachimba ardhi na kurusha tope jekundu kwenye ukuta wako.

Tope hilo ndilo linaloamua kimo cha msingi. Sakafu iwe sentimita 45 juu ya ardhi, na kozi za chini ziwe za mawe, si za tofali la kuchoma. Tabaka la kuzuia unyevu lipite unene wote wa ukuta, sentimita 30 juu ya ardhi, likiungana na nailoni iliyo chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Nailoni ikiishia kwenye uso wa ndani wa ukuta, unyevu unapanda kwa nje yake. Viwanja vya miteremkoni chini ya mlima Loleza vinahitaji msingi wa ngazi, na kila ngazi iwe milimita 240, kozi 3 kamili. Upande wa juu wa kiwanja uchimbwe mtaro wa kugeuza maji kabla ya msingi wenyewe kuchimbwa. Penye udongo mwepesi wa majivu ya volkano, chimba mpaka ufikie tabaka lisiloingia nondo kwa kusukuma kwa mkono; shindilia, na usimwage zege siku mtaro wa msingi una maji.

Kuhusu mpangilio wa ndani nitakuwa mfupi, kila familia ina mahitaji yake. Chumba kimoja kiwe na choo karibu, na mlango wa sentimita 90, bila ngazi ndani, kwa ajili ya bibi au babu atakayekuja kukaa. Jiko la gesi ndani na jiko la mkaa nje, chini ya baraza ya nyuma iliyoezekwa, ndivyo tunavyopika, na ramani ikubali hivyo tangu mwanzo. Madirisha ya kila chumba yasipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na nusu ya hayo yafunguke. Bafu, vyoo na jiko viwe na ukuta wa pamoja ili bomba la inchi 4 lipite mstari mmoja, likishuka sentimita 1 kila sentimita 40.

Umeme na maji ndipo nyumba nyingi za tofali wazi zinapoharibiwa zikiwa zimekaribia kuisha. Ukuta wa plasta unaweza kuchimbwa baadaye ukafunikwa. Ukuta ulio wazi ukishachimbwa umechimbwa. Kila soketi, swichi, taa ya nje na koki ionyeshwe kwenye ramani kabla ya kozi ya kwanza: soketi kwenye kozi ya 4, swichi kwenye kozi ya 15. Bomba za waya zishuke kutoka darini, zipite kwenye mkanda wa zege kwa matundu yaliyoachwa wakati wa kumwaga. Mtaro wa wima ukutani usizidi theluthi moja ya unene, wa mlalo usizidi moja ya sita. Kwa ukuta wa nusu tofali hiyo ni milimita 35 na milimita 17, kwa hiyo bomba la milimita 20 haliruhusiwi kulala mlalo ndani yake. Mafundi umeme hukata mtaro kama huo kutoka mlango hadi mlango kwa grainda, na ukuta unabaki umegawanyika vipande viwili.

Neno kuhusu vanishi. Watu huipaka mara tu ukuta unapokauka juu juu ili tofali ling'ae. Unyevu uliobaki ndani unataka kutoka, unaisukuma vanishi, nayo inafanya malengelenge, inapauka na kubanduka ikiondoka na ngozi ya tofali. Tofali lililoiva na kuezekwa vizuri halihitaji kitu. Matone ya udongo wa saruji yafutwe kwa brashi kavu jioni ileile. Ukingo wa chini wa dirisha uteremke kwenda nje, utokeze sentimita 4 au 5, na uwe na kifereji chembamba chini yake, maji yadondoke badala ya kurudi ukutani.

Ombi langu kwa wachora ramani wa jiji letu, na kwa ofisi ya jiji inayopokea ramani kwa ajili ya kibali, ni moja. Nyumba ya tofali lililo wazi iwe na karatasi ya ziada inayoonyesha kuta zote nne za nje kozi kwa kozi, tofali kwa tofali, pamoja na kipimo cha tofali lililopimwa, mshale wa kaskazini, na mahali pa kila soketi. Ni kazi ya siku mbili au tatu za mchoraji. Na mwenye nyumba, kabla hajaruhusu msingi kuchimbwa, amwombe fundi ajenge kwanza ukuta wa mfano, mita 1 kwa mita 1, wenye kona moja, kwa matofali, udongo na kiungo vitakavyotumika. Aache wiki mbili, aumwagie maji kwa mpira robo saa nzima, aangalie upande wa pili. Wakikubaliana, ukuta huo ubaki umesimama mpaka nyumba ifike lenta, na kila fundi mpya anayeletwa aonyeshwe kwanza.

Mchora ramani na msimamizi wa ujenzi,
Mbeya